Mcheri wa milimani: Mti mmoja, majirani wanne na swali la nini kipandwe

Mwishoni mwa mwezi Machi, maofisa wa Idara ya Hali ya Hewa ya Japani husimama chini ya mcheri mmoja jijini Tokyo na kuhesabu maua. Yakiwa yamefunguka matano au sita, hutangaza kwamba msimu wa maua umeanza katika mji mkuu. Mti huo wa kipimo umo ndani ya eneo la Hekalu la Yasukuni, ambako hukumbukwa watu waliokufa vitani kwa ajili ya Japani, wakiwemo viongozi waliotiwa hatiani kwa uhalifu wa kivita baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwanasiasa mkubwa wa Japani anapozuru hekalu hilo, Korea Kusini na China hutoa malalamiko. Hivyo ua lile lile linalowapeleka mamilioni ya watu bustanini na mikeka yao, huanza kuhesabiwa kila mwaka katika mojawapo ya mahali penye utata mkubwa zaidi wa kidiplomasia katika Asia ya Mashariki.

Sambamba na furaha ya msimu, huzuka karibu kila mwaka mabishano yale yale: mti huu asili yake ni wapi, na ni wa nani? Wanaobishana zaidi ni Wajapani na Wakorea. China nayo imeingia, na Urusi inaguswa kwa mbali kwa sababu mti wenyewe huota pia katika ardhi yake. Kwa anayetazama kutoka nje, mabishano ya maua yanaweza kuonekana kuwa mchezo. Lakini nyuma yake ipo kumbukumbu ya utawala wa kikoloni wa miaka 35, na mbele yake upo uamuzi usioweza kuahirishwa tena. Miti mingi iliyopandwa mijini baada ya vita imezeeka, inaoza na kuanguka. Serikali za mitaa za Japani na Korea Kusini zinalazimika kuchagua nini kipandwe mahali pake, na uchaguzi huo utaonekana kwa vizazi viwili au vitatu vijavyo.

Mti wenye majina manne

Watu wengi wanaposikia neno sakura hufikiria mti wa mjini, wenye maua ya waridi hafifu yanayokaribia weupe, unaochanua kabla ya kutoa jani hata moja. Mti huo ni wa juzi tu. Kabla yake, mcheri uliojulikana katika eneo hili ulikuwa mti wa milimani, na mmojawapo wa walioenea zaidi ni ule ambao wataalamu huuita Prunus sargentii.

Mti huu huota katika milima ya Japani, hasa kaskazini, katika rasi ya Korea na katika kisiwa cha Sakhalin nchini Urusi. Hufikia urefu wa takribani mita 20. Maua yake ni ya waridi iliyokolea, na hutoka karibu wakati mmoja na majani machanga yenye rangi ya shaba. Matunda yake ni madogo, meusi na machungu. Ndege huyala na kuzitawanya mbegu. Majani yake hugeuka mekundu mapema, kabla ya miti mingine mingi ya msituni kuanza kubadilika.

Majina yake yanasimulia historia ya watu waliokutana nao. Wajapani huuita Oyama-zakura, yaani mcheri wa mlima mkubwa, au Ezo-yama-zakura, kwa kutumia jina la kale la Hokkaido. Wakorea huuita san-beonnamu, yaani mcheri wa mlimani. Warusi huuita mcheri wa Sakhalin. Jina la kisayansi linamkumbuka Mmarekani, Charles Sprague Sargent, mkurugenzi wa kwanza wa bustani ya miti ya Arnold jijini Boston. Mbegu zake zilifikishwa huko mwaka 1890, na mwaka 1908 mtaalamu Alfred Rehder akaupa mti huo jina lililobaki hadi leo. Waainu, wenyeji wa asili wa Hokkaido na Sakhalin, walikuwa na jina lao kabla ya hao wote. Kwao gome la mcheri ndilo lililokuwa na thamani, kwa kuwa lilitumika kuzungushiwa pinde na podo za mishale ili ziwe imara.

Katika Korea, mti huu ulibeba mzigo mzito zaidi. Hekalu la Haeinsa, lililo katika milima ya kusini, limehifadhi vibao zaidi ya 81,000 vya kuchapia maandiko ya Kibuddha, vilivyochongwa katika karne ya 13 wakati ufalme wa Goryeo ukikabiliwa na uvamizi wa Wamongolia. Uchunguzi wa mbao kwa hadubini umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya vibao hivyo ilitokana na mcheri wa mlimani. Mbao zake si laini mno wala ngumu mno, na huchongeka bila kumeguka. Ghala linalovihifadhi liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1995. Kwa hiyo mcheri ulikuwa mti wa Wakorea, tena mti mtukufu, miaka mia kadhaa kabla ya mkoloni kuleta miche yake.

Nasaba hii ya miti si ngeni kabisa kwa wasikilizaji wenye asili ya Afrika Mashariki. Katika misitu ya milima ya Kenya, Tanzania na Uganda huota ndugu yake, Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri. Gome lake huuzwa nje ya bara kutengenezea dawa ya matatizo ya tezi dume. Kwa sababu ya kubanduliwa kupita kiasi, biashara yake imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini tangu mwaka 1995. Mti unapopendwa kwa kitu kimoja tu, huweza kuangamia kwa ajili ya kitu hicho. Funzo hilo linahusu pia ndugu zake wa Asia, ingawa wao hupendwa kwa maua.

Ulivyozaliwa mti wa mjini

Mcheri unaopamba miji ya leo huitwa Somei-yoshino. Jina lake la kwanza linatokana na kijiji cha Somei, ambacho leo kimo ndani ya jiji la Tokyo, katika mtaa wa Toshima. Hapo waliishi watunza bustani maarufu, na katika karne ya 19 walianza kuuza mcheri uliokua haraka na kuchanua kwa wingi ukiwa bado mchanga. Waliuuza kwa jina la Yoshino, mlima wa mkoa wa Nara unaosifika kwa micheri ya mwituni. Ili kuondoa mkanganyiko huo, mwaka 1900 mti ukapewa jina la Somei-yoshino, na mwaka uliofuata mtaalamu Matsumura Jinzo akaupa jina la kisayansi.

Mti huu ni chotara. Mzazi mmoja ni Edo-higan, mcheri wa mwituni unaopatikana Japani na Korea pia. Mzazi wa pili ni Oshima-zakura, ambao asili yake ni visiwa vya Izu, kusini mwa Tokyo, na maeneo ya karibu. Kwa kuwa hauwezi kujizalisha wenyewe kwa mbegu na kubaki vile vile, huenezwa kwa kubebesha, kama wakulima wanavyobebesha miche ya miembe au michungwa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1995 ulithibitisha kwamba miti ya Somei-yoshino iliyotawanyika kila mahali ni nakala za mti mmoja.

Hapo ndipo penye siri ya uzuri wake. Kwa kuwa ni mti mmoja uliorudiwa mara nyingi, yote iliyo katika mtaa mmoja huchanua pamoja na kupukutisha pamoja. Ndiyo maana idara ya hali ya hewa inaweza kuutumia kama kipimo karibu nchi nzima, isipokuwa Okinawa na baadhi ya vituo vya Hokkaido, ambako kwa sababu ya baridi hutumika mcheri wa milimani. Lakini penye uzuri huo ndipo penye udhaifu. Ugonjwa unaoweza kuua mti mmoja unaweza kuiua yote.

Kisiwa cha Jeju na swali la asili

Mwezi Aprili mwaka 1908, padri Mfaransa, Émile Taquet, aliyekuwa akihubiri katika kisiwa cha Jeju kusini mwa Korea, alichuma matawi ya mcheri wa mwituni katika miteremko ya mlima Hallasan. Sampuli hiyo ilifika Berlin, na mwaka 1912 mtaalamu Mjerumani Bernhard Koehne akauweka mti huo katika kundi moja na Somei-yoshino, kama aina yake ndogo. Wakorea huuita wang-beonnamu, yaani mcheri wa mfalme.

Mwaka 1932 mtaalamu wa mimea Mjapani, Koizumi Gen'ichi, alikwenda Jeju, akauona mti huo na kutangaza kwamba huko ndiko ilikotoka Somei-yoshino. Jambo hili husahaulika mara nyingi katika mabishano ya leo: hoja ya kwamba mcheri wa Japani asili yake ni Korea iliimarishwa na msomi wa Japani mwenyewe, wakati Korea ikiwa koloni. Tayari mwaka 1916 Mwingereza Ernest Wilson alikuwa amekisia kwamba Somei-yoshino ni chotara. Katika miaka ya 1960 mtafiti Mjapani, Takenaka Yo, alionyesha kwa majaribio ya kuchanganya mbegu kwamba wazazi ni Edo-higan na Oshima-zakura.

Mabishano hayakuishia hapo, kwa sababu miti ya Jeju na ya Tokyo hufanana sana kwa macho. Jibu la uhakika zaidi lilitoka Korea Kusini kwenyewe. Mwaka 2018, watafiti walioshirikiana na Bustani ya Taifa ya Miti ya Korea walichapisha ramani ya vinasaba vya mcheri wa mfalme. Waligundua kwamba nao ni chotara, lakini wa wazazi tofauti: mama yake ni Edo-higan, na baba yake ni mcheri mwingine wa milimani, yama-zakura. Ulizaliwa wenyewe msituni, bila mkono wa mtu. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walichapisha ramani ya Somei-yoshino, wakakadiria kwamba koo za wazazi wake wawili zilitengana zaidi ya miaka milioni tano iliyopita, kisha zikakutana tena zaidi kidogo ya miaka mia moja tu iliyopita.

Kwa lugha nyepesi, miti hiyo miwili ni ndugu wa upande wa mama. Hakuna uliomzaa mwenzake. Somei-yoshino haikutoka Jeju, kwa kuwa Oshima-zakura haioti huko. Na mcheri wa mfalme haukupelekwa Jeju na Wajapani, kwa kuwa ni mzaliwa wa mlima wake. Kisayansi, kila upande ulipata sehemu ya haki na kupoteza sehemu ya madai.

Kumbukumbu isiyofutika

Kama mabishano yangekuwa ya sayansi tu, yangekuwa yamefungwa mwaka 2018. Yanaendelea kwa sababu swali lenyewe si la mimea.

Japani iliitawala Korea kuanzia mwaka 1910 hadi 1945. Kabla hata ya mwaka huo wa kwanza, jumba la kifalme la Changgyeonggung jijini Seoul lilikuwa limeanza kugeuzwa kuwa bustani ya wanyama na ya mimea, na micheri ikapandwa kwa wingi. Mahali palipokuwa makazi ya familia ya kifalme pakawa mahali pa matembezi, hata hadhi ya jumba katika jina lake ikaondolewa. Kwa Wakorea wengi, maua yale yalikuwa alama ya kudhalilishwa. Katika miaka ya 1980 serikali iliwahamisha wanyama, ikarejesha jina la jumba na kuing'oa micheri. Sehemu ya miti hiyo ilipelekwa Yeouido, kando ya mto Han, karibu na jengo la Bunge. Leo hapo ndipo penye tamasha kubwa la maua jijini Seoul.

Mji wa Jinhae una historia inayofanana. Ulijengwa kuwa kituo cha jeshi la majini la Japani, na micheri ikapandwa pamoja na mitaa yake. Baada ya uhuru wananchi waliikata mingi. Miaka ya 1960, habari zilipoenea kwamba mcheri wa mfalme ni wa Jeju, watu walipata sababu ya kupanda tena bila kuona haya. Tamasha la Jinhae, ambalo limekua kuwa mojawapo ya makubwa zaidi nchini humo, lilianzia katika kumbukumbu ya Yi Sun-sin, amiri wa karne ya 16 aliyezishinda meli za Japani. Watu humheshimu shujaa aliyepigana na Japani chini ya miti ambayo mingi ni Somei-yoshino.

Hoja ya asili ya mti iliwahi kutumika hata katika siasa za kimataifa. Mwaka 1912 Japani iliipa Marekani miche zaidi ya 3,000, ambayo ilipandwa Washington. Mwaka 1943, Marekani ikiwa vitani na Japani, Syngman Rhee, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Korea Kusini, alipanda micheri katika chuo kikuu kimoja cha jiji hilo na kuitaja kuwa ni ya Korea. Wakati huo nchi yake haikuwa na bendera katika balozi yoyote ya Washington. Mti ulikuwa njia ya kuwaambia Wamarekani kwamba taifa hilo bado lipo.

China: zawadi na madai

Upande wa China, mcheri umekuwa zawadi na pia kidonda. Katika Chuo Kikuu cha Wuhan, micheri ya kwanza ilipandwa mwaka 1939 na jeshi la Japani lililokuwa limeukalia mji huo. Mingine ilifuata katika miaka ya 1970, mara hii ikitokana na urafiki. Maelfu ya watu humiminika huko kila mwaka, na kila mwaka wapo wanaouliza kama ni sawa kwa Mchina kuistarehekea.

Mwezi Septemba mwaka 1972, waziri mkuu wa Japani Tanaka Kakuei alikwenda Beijing kurejesha uhusiano wa kidiplomasia. China iliipa Japani panda wawili, Kang Kang na Lan Lan. Japani nayo ilitoa miche, na uteuzi wake unastahili kuangaliwa: haikuwa Somei-yoshino, bali Oyama-zakura, mcheri wa milimani, ambao unaweza kuvumilia baridi ya kaskazini mwa China. Miche kadhaa ilipandwa katika bustani ya Yuyuantan mjini Beijing, ambayo leo hujulikana kwa tamasha lake la maua. Mataifa mawili yaliyotaka kuanza upya yalitumia mti wa mwituni kutoka mlimani, wala hakuna aliyeuliza cheti chake cha kuzaliwa.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 2015, wakati vyombo vya habari vya Korea na Japani vikibishana kuhusu Jeju, viongozi wa chama cha wafanyabiashara wa micheri nchini China walijitokeza kusema kwamba asili ya yote ni China, katika maeneo ya milima ya Himalaya. Ni kweli kwamba China ina aina nyingi mno za micheri ya mwituni. Lakini safari ya jamii ya miti iliyochukua mamilioni ya miaka haiwezi kugeuzwa kuwa hati ya kumiliki mti uliozaliwa bustanini katika karne ya 19. Wakati koo hizo zikisambaa, hapakuwapo China, wala Korea, wala Japani.

Miti imezeeka

Wakati mabishano yakiendelea, miti yenyewe haingoji. Husemwa mara nyingi kwamba Somei-yoshino ya barabarani huishi miaka 60. Kauli hiyo si sheria ya maumbile: katika bustani ya Hirosaki, kaskazini mwa Japani, ipo iliyopandwa mwaka 1882 na bado inachanua, kwa kuwa wakulima wa tufaha wa eneo hilo waliipogoa kwa ustadi wa mashambani mwao. Lakini miti ya mijini, yenye mizizi iliyobanwa na lami, haipati matunzo hayo. Mingi ilipandwa katika miaka ya 1950 na 1960, na sasa imeoza ndani.

Maadui wengine wameongezeka. Kuna ugonjwa wa kuvu unaofanya matawi yajikusanye kama fagio na kuacha kuchanua, nao hushambulia zaidi Somei-yoshino. Kuna mbawakavu mwenye shingo nyekundu, Aromia bungii, ambaye asili yake ni China, rasi ya Korea na nchi za karibu. Alithibitishwa nchini Japani mwaka 2012, na mwaka 2018 serikali ikamweka katika orodha ya viumbe wageni waharibifu. Viluwiluwi vyake hula mti kutokea ndani hadi ukafa.

Kisha kuna joto. Kumbukumbu za Kyoto, zilizokusanywa kutoka shajara za watawa na wakuu wa kale tangu mwaka 812, zinahusu yama-zakura, mcheri wa milimani. Mwaka 2021 maua yalifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliojulikana katika kumbukumbu hizo hadi wakati huo. Mcheri huhitaji baridi ya kutosha ili machipukizi yake yaamke sawasawa. Baridi ikipungua sana, kama inavyotokea kusini kabisa mwa Japani, maua huchelewa au hufunguka machache machache. Mti ambao nakala zake zote hujibu hali ya hewa kwa namna moja hauna akiba ya tofauti wa kuukinga.

Nini kipandwe?

Majibu yanayotolewa ni tofauti. Nchini Japani, shirika linalogawa miche ya maua liliacha kugawa Somei-yoshino katika miaka ya 2000 kwa sababu ya ugonjwa wa fagio. Badala yake linahimiza mti uitwao Jindai-akebono, unaofanana nao. Mti huo una hadithi ya kuvutia: ulitokana na micheri iliyopelekwa Marekani, ikabadilika huko, kisha ikarudi Tokyo kupitia bustani ya mimea ya Jindai.

Nchini Korea Kusini, kundi la kiraia lililoanzishwa mwaka 2022 linataka Somei-yoshino ziondolewe hatua kwa hatua na mahali pake upandwe mcheri wa mfalme wa Jeju, ifikapo mwaka 2050. Wanachama wake wamefanya hesabu ya miti ya maeneo yanayojulikana, ikiwemo Yeouido, na kuonyesha kwamba mingi ni ya asili ya Tokyo. Hoja yao ina uzito. Taifa lililotawaliwa lina haki ya kuamua ni mti gani usimame mbele ya Bunge lake, na mti wa Jeju ni mzaliwa halali wa nchi hiyo. Maeneo unakoota katika kisiwa hicho yamelindwa kisheria kama kumbukumbu za asili tangu mwaka 1964.

Hata hivyo, kubadilisha uraia wa mti hakutatui tatizo la mti. Iwapo mcheri wa mfalme utaenezwa kwa kubebesha kutoka miti mama michache, miji ya Korea itakuwa imebadilisha nakala za Tokyo kwa nakala za Jeju, na mdudu wala kuvu hawaulizi bendera. Lipo pia jambo la chavua. Micheri huchanganyika kwa urahisi, kama utafiti wa mwaka 2018 ulivyodhihirisha. Miti mingi ya aina moja inapopandwa karibu na milima, chavua yake huingia katika miti ya mwituni, na baada ya vizazi kadhaa asili ya mlima hupotea bila mtu kushika shoka. Hatari hiyo ipo kwa Somei-yoshino nchini Korea, na ipo kwa Oshima-zakura inayopandwa nje ya makazi yake nchini Japani.

Kwamba milima bado ina hazina kulithibitishwa mwaka huo huo wa 2018. Watafiti wa misitu wa Japani walitangaza aina mpya ya mcheri wa mwituni katika rasi ya Kii, kusini mwa Osaka, wakauita Kumano-zakura. Ilikuwa aina ya kwanza kutambuliwa nchini humo baada ya takribani karne moja. Wenyeji walikuwa wakiuona miaka yote, wakidhani ni yama-zakura tu iliyowahi kuchanua.

Mfano wa njia nyingine upo Shizunai, Hokkaido. Huko kuna barabara ya takribani kilomita saba iliyopandwa micheri pande zote mbili. Miti hiyo haikununuliwa bustanini. Kuanzia mwaka 1916 wakazi waliichukua michanga kutoka milima ya karibu na kuihamisha, na mingi ni Ezo-yama-zakura. Kwa kuwa kila mmoja ulitokana na mbegu yake, haichanui yote siku moja, wala rangi yake hailingani. Mmoja hutangulia, mwingine hufuata, mmoja umekolea na jirani yake umepauka. Mgeni aliyezoea Tokyo anaweza kuiona kama kasoro. Msitu huiita afya.

Uamuzi wa nini kipandwe utafanywa zaidi na madiwani na maofisa wa bustani kuliko na mabalozi, tena kwa bajeti ndogo na kwa haraka, baada ya tawi bovu kuanguka njiani. Wakichagua kwa kuangalia bendera peke yake, watapata maua kwa muda na ugomvi kwa muda mrefu zaidi. Wakichagua kwa kuangalia mlima ulio karibu nao, Mkorea atapanda san-beonnamu iliyowapa babu zake vibao vya maandiko, Mjapani wa kaskazini atapanda Ezo-yama-zakura, na Mrusi wa Sakhalin ataendelea kuuita mti huo kwa jina la kisiwa chake. Wote watakuwa wanapanda mti mmoja, kila mtu kwa mbegu ya kwao.